Sifa za Boksi Faili

Washairi wetu wameusifu mnazi tangu mizizi hadi makuti, wakamsifu farasi ambaye wengi wao hawakumpanda, wakalisifu jahazi hata lile lililovuja. Boksi faili halijapata mtu. Nami, kwa kuwa nimekaa nalo chumba kimoja katika kliniki yangu ya meno hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa limenikosesha usingizi kuliko gego lolote nililowahi kung'oa, naona nina haki ya kulitungia sifa. Ni jeusi, lina tundu la kidole mgongoni, na ndani kuna kibano cha chuma kinachopenda kucha za watu. Nje limebandikwa karatasi: UKAGUZI NA UTAWALA BORA.

Fadhila zake ndogo nizitaje harakaharaka. Haliombi likizo. Haliumwi jino. Siku za upepo linazuia mlango usijipige. Tena lina upendo: cheti cha mashine ya eksirei kutoka Tume ya Nguvu za Atomu kimelala ubavuni mwa cheti cha zimamoto, na leseni yangu ya Baraza la Madaktari Tanganyika imeegemea leseni ya biashara, wote wanne kimya, hakuna anayemsukuma mwenzake.

Lakini fadhila yake kuu, ambayo wahenga wa tiba hawakuiota, ni kwamba linatakasa.

Sayansi ina mlolongo mrefu. Koleo litumikalo kung'olea jino lioshwe kwa brashi, likaguliwe kwenye mwanga, litiwe kwenye mfuko wake, liingie kwenye otoklevu, mvuke ufike nyuzi 134 na ukae hapo dakika tatu au zaidi, kisha likauke ndani ya mfuko bila kufunguliwa. Na hata hapo hujamaliza. Utepe wa mfuko ukigeuka rangi unakwambia tu kwamba mfuko umepita kwenye joto. Kama vijidudu vimekufa, hausemi. Ukitaka kujua, unaweka kichupa chenye mbegu za bakteria sugu katikati ya vifaa, unavichemsha pamoja, halafu unasubiri uone kama zitaota. Kazi ya gharama, yenye kuchosha.

Boksi faili linafanya yote hayo kwa kalamu ya bluu. Tarehe, joto, muda, saini. Wino ukikauka, koleo limetakata. Saini haihitaji umeme, haihitaji maji yaliyochujwa, haina mpira wa mlango unaochakaa na kuagizwa kutoka nje. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunaitumia kwa vyombo tu. Mgonjwa asaini hapa kwamba hasikii maumivu, na sindano ya ganzi tuirudishe stoo. Jino lililotoboka liandikiwe Sera ya Kutooza, toleo la pili, ipitiwe kila Januari na kugongwa muhuri. Usaha nao utengewe safu yake kwenye daftari, na kwa kuwa safu hiyo itajazwa "hakuna" kila siku, usaha utaona aibu na kuondoka. Serikali ikilisikia hili itaokoa fedha nyingi za mashine: kila zahanati kalamu moja, wilaya boksi zima.

Siku moja umeme ulikatika asubuhi na haukurudi mpaka jioni. Msaidizi wangu aliandika kwenye safu ya siku ile: "Umeme hakuna. Hatukuchemsha. Wagonjwa wamepangiwa kesho." Baadaye akaja mkaguzi wa ofisi ambayo sitaitaja, akapekua kurasa hadi hapo, akaweka kidole.

"Daktari, hapa pana pengo."

"Hatukuchemsha, mheshimiwa. Ameeleza sababu."

"Nimeisoma. Lakini safu ya joto haitakiwi kuwa wazi."

Akaandika: kumbukumbu hazijakamilika. Kurasa za nyuma, zilizokuwa 134, 134, 134 kutoka juu hadi chini, zilipata alama ya vema bila swali.

Otoklevu ilikuwa hatua chache kutoka alipoketi, inapumua mvuke. Hakuigusa. Hakuuliza kile kichupa kiko wapi, wala hakuchana mfuko hata mmoja aone kama kwenye bawaba ya koleo kuna damu iliyogandia, maana ndipo inapojificha, kila mwuguzi anajua. Msaidizi wangu aliandika ukweli, akahesabiwa kosa mbele ya wenzake. Umeme ukikatika tena ataandika nini? Na akiandika 134, nitamlaumu kwa mdomo upi?

Samahani. Nilikuwa kwenye sifa.

Na asiniambie mtu kwamba nawachukia wakaguzi. Nchi hii ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara mwaka 1977, ikairuhusu tena mwaka 1991, na waliotufungulia mlango walikuwa na kila haki ya kutuangalia mikono. Mwaka 2013, huko Tulsa, Marekani, mgonjwa mmoja alikutwa na homa ya ini. Wakaguzi wakaingia kwa daktari wake wa meno, wakatazama vifaa vyenyewe, wakakuta vyenye kutu na otoklevu ambayo walisema haikupimwa kwa vile vichupa kwa miaka. Watu wapatao 7,000 wakaitwa kwenda kupima damu. Ona kitenzi: walitazama vifaa.

Kwetu siku ile kilichofunguliwa, baada ya faili, ni mjadala wa utawala bora. Dira na dhamira zetu zimo ndani ya fremu ukutani, juu ya sanduku la maoni lenye kufuli. Mkaguzi akamgeukia mama wa usafi, aliyekuwa amebeba ndoo.

"Mama, dira ya kituo chenu ni nini?"

"Mimi, mwanangu, nadeki tu."

Ikaandikwa: watumishi hawana uelewa wa dira. Sakafu yenyewe, ambayo ungeweza kuilia wali, haikuwa na kisanduku kwenye fomu.

Alipokuwa anafunga mkoba nilimwuliza habari za yule bwana wa mtaa wa pili, nyuma ya genge, anayeng'oa meno kwenye kiti cha plastiki. Sisi tunamwita kishoka. Wateja wake wanamwita daktari. Mkaguzi akasikitika kwa dhati, nadhani. "Yule hajasajiliwa," akasema. "Hatuna faili lake." Basi hadaiwi ada, haulizwi joto wala dira. Ukaguzi unawafuata waliojiandikisha, na asiyejiandikisha amelindwa kuliko mwenye vyeti vyote.

Wiki ileile akaja dada mmoja, shavu limevimba, mzizi wa gego umevunjikia ndani kwa bwana yule. Nilimpa fomu ya ridhaa, fomu ya historia ya afya, na fomu ya kukiri kwamba ameelezwa haki zake. Akasaini huku ameshika shavu, kisha akauliza mbona kule hakusainishwa kitu chochote, tena bei ilikuwa nusu. Nilimwonyesha sanduku la maoni.