Ulichotoa Tumekiona

Viatu vyangu vya harusi leo ni siku ya nne viko juani na bado havijakauka. Kila asubuhi navikung'uta, kinatoka kijiko kimoja cha mchanga mweupe wa Jambiani, laini kama sembe, mchanga ambao watu hupanda ndege kuja kuukanyaga na mimi nimeuleta nyumbani bure. Picha nazo zimefika. Katika ile ya ukoo mzima nimesimama mstari wa nyuma kwa amri ya mpiga picha, nimezibwa na mjomba mnene, kwa sababu nyuma ya mjomba nimejifunga kanga. Tena si kanga mpya ya kupendezea. Ni kanga ya kazi ya bibi mmoja mkulima wa mwani, imepauka kwa chumvi, nami nilihudhuria nayo harusi kuanzia kiapo mpaka keki.

Kwa hiyo wewe uliyepata kadi ya harusi ya ufukweni na sasa unauliza watu ubebe nini: watakwambia ubebe kofia na mafuta ya kujipaka. Hakuna atakayekwambia uulize mwezi una siku ngapi.

Harusi ilikuwa saa kumi jioni. Nyumba ya wageni tuliyopangiwa na kamati ilikuwa na pasi moja kwa watu kumi na wanne, na zamu yangu ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikanyoosha sare yangu, suruali nyeupe na shati jeupe la kitani, kisha nikaona nikiivua nitaikunja na nikiikunja nimepoteza zamu. Nikaivaa. Mtu aliyevaa nguo nyeupe saa tatu asubuhi hawezi kukaa kitini wala kunywa chai. Anaweza kutembea tu. Nikatoka nje nikatembee, na nje bahari haikuwepo.

Sitanii. Jioni iliyotangulia tuliiacha chini ya ngazi. Asubuhi hiyo palikuwa na uwanja: mchanga, vidimbwi, majani ya bahari yamelala, na mbali kabisa, labda kilomita moja na nusu, mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Mimi ni mtu wa Mwanza, na ziwa ninalolijua hukaa pale ulipoliacha. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaelekea kwenye ule mstari ili nipigie picha huko kabla jasho halijanikuta.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana tangu nirudi sizungumzi kingine na mke wangu ameanza kwenda kulala mapema. Kwamba mwezi huyavuta maji, hilo tulifundishwa shuleni. Ambalo sikulitia akilini ni kwamba maji huvimba pande mbili, upande wa dunia unaoutazama mwezi na upande unaoupa kisogo, na dunia inavyojizungusha inatupitisha sisi kwenye vimbe zote mbili. Ndiyo maana pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini dunia ikimaliza mzunguko wake inakuta mwezi umeshasogea, hivyo huufukuzia dakika 50 nyingine, na maji yaliyojaa leo saa kumi yatajaa kesho karibu saa kumi na moja. Kila siku bahari inachelewa kidogo, kama fundi cherehani, tofauti ni kwamba bahari ukiijua ilipofika jana unajua itakapofika kesho.

Halafu kuna jua. Nalo huvuta, ingawa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, viwili hivyo huvuta kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo huja bamvua: maji hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kama mita 4 pale Unguja. Mwezi ukiwa nusu kila kimoja huvuta upande wake, yanakuwa maji mafu, na bahari inasogea kivivu tu. Kuna jambo limeniondolea usingizi. Mahali pamoja, bamvua huwa na saa zake zilezile. Unguja siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi, mwaka nenda mwaka rudi. Mvuvi akishajua leo mwezi ni kumi na tano hana haja ya kuangalia simu.

Binamu yangu, mwenye harusi, alichagua siku ya mwezi mpevu kwa ajili ya mahaba, na saa kumi jioni ili maharusi wasimame mbele ya maji yaliyojaa, si mbele ya tope na vigingi. Maana yake ni kwamba katika kamati kulikuwa na mtu aliyeyajua haya yote. Mtu huyo alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nane kuhusu rangi ya soksi.

Nilifika karibu na mwamba saa tano na kitu. Njiani nilipita mashamba ya mwani: vigingi vimepigwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kila kamba vichane vya mwani vimening'inizwa kama nguo za mtoto mchanga. Wanawake walikuwa wamekaa majini, maji kiunoni, wakifunga na kufungua. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na kazi yake imekuwa ya wanawake kwa sehemu kubwa. Mwani hukaa wiki kama sita, huvunwa, hukaushwa, husafirishwa ng'ambo, hukamuliwa ule utelezi unaofanya dawa ya meno isimwagike na aiskrimu isiyeyuke haraka. Shamba hili hulimika vizuri siku za bamvua kwa sababu ndipo bahari inapofungua mlango. Yaani wale akina mama walikuwa kazini kwa ratiba ya mwezi, na mimi nilidhani ni mandhari.

Nikapiga picha zangu. Kiatu na kaa. Mimi na mwamba. Mimi na mwamba bila kaa. Kwenye saa sita na nusu nikageuka kurudi, nikakuta pwani imehamishwa.

Maji yanayorudi hayaji mbele yako kwa wimbi ukayaona. Kwenye mwamba pako juu. Kati ya mwamba na ufuo pako chini. Bahari huingia kupitia milango iliyopo kwenye mwamba na kulijaza bonde la nyuma kwanza, wewe ukiwa umesimama pakavu unajichagulia pembe ya picha. Tena haijazi kwa kasi moja. Wazee wa vyombo hugawa kina katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza baada ya kupwa huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Gawa mita 4 kwa hesabu hiyo. Saa ya kwanza ni kama sentimita 33, hata soksi hazistuki. Saa ya tatu peke yake ni mita nzima. Mimi niliingia bondeni katikati ya saa ya tatu, na viatu mkononi.

Magotini nilikuwa mtulivu. Mapajani niliita jina la Mungu kwa adabu. Maji yalipofika kwenye mkanda nilianza kuahidi mambo.

"Wewe mwanangu! Umefuata nini huko?"

Alikuwa bibi mmoja, wa mwisho kutoka shambani, anavuta kwa kamba gunia la mwani alilolifungia madumu matupu lielee. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Nilikuwa nazama, lakini nimelelewa.

"Marahaba. Kuogelea wajua?"

"Hapana, bibi."

Akanitazama, na viatu vyangu, na lile shati la kitani. "Basi shika gunia."

Nikashika gunia. Watu wengine huokolewa na boti yenye taa nyekundu. Mimi nilivutwa ufuoni kama mzigo wa pili wa bibi wa umri wa mama yangu, uso umeegemea mwani, simu mfukoni inakata roho. Mara mbili alinisimamisha tupumzike, akaniuliza kwetu mvua imenyesha. Mkondo ulitusukuma kaskazini, na tulipokanyaga mchanga nikagundua jambo ambalo muuza kitani hakuniambia: kitani cheupe kikilowa si nguo tena, ni habari. Bibi akageuza uso, akafungua kanga moja kati ya mbili alizojifunga, akanirushia.

"Utanirudishia," akasema, akashughulikia gunia lake.

Mbele yetu palikuwa na hoteli yenye ukumbi wa harusi, viti vyeupe, maua, na mlinzi. Akaja mbio. "Papasi hawapiti hapa."

Kwa wasiojua, papasi ni kupe. Ndilo jina wanaloitwa Unguja vijana wanaowaganda watalii wawauzie safari na shanga. Nilimweleza mlinzi kwamba mimi ni mgeni wa harusi ileile. Akaniomba kadi. Kadi ilikuwa chumbani. Akaniambia nimpigie mwenyeji. Nikamwonyesha simu, ikatoa tone. Wakati tunaongea wakapita wazungu watatu kutoka ufukweni, wamelowa kuliko mimi, mmoja hana hata shati, mlinzi akawapa njia na "karibu" na taulo. Hakuna aliyeombwa kadi. Nikamuuliza kwa nini. Hakunijibu, aliangalia chini, na hapo ndipo nilipoitambua lafudhi yake. Alikuwa mtu wa kwetu Mwanza. Amevuka maji kama mimi kuja kutafuta riziki, na riziki yenyewe ni kuwatambua watu kama sisi kwa mbali na kuwazuia. Sikumchukia. Nilimchukia aliyemfundisha, na sijui anakaa wapi. Nilichangia harusi ile miezi minne. Nilikuwa ndani ya nchi yangu, mchanga ule haukuwa na geti, na bado nilisimama juani dakika arobaini nikisubiri kuaminiwa kwamba nimealikwa. Hilo nimejaribu kulicheka, limekataa.

Aliyenikomboa ni mhazini wa kamati. Alitoka na daftari, akanikagua kuanzia mwani wa kichwani.

"Huyu ni wetu. Namfahamu. Ahadi yake haijaisha, bado elfu hamsini."

Mlinzi akanipisha.

Ningeishia hapo kama ile kanga ingekuwa kitenge. Lakini kanga haivaliwi kimya. Ina pindo, ina mji wake katikati, na chini ya mji ina jina, yale maandishi ambayo mwanamke humnunulia jirani, mke mwenza au wifi ili asome bila kuambiwa. Watu wa pwani huchagua kanga kwa jina kwanza, maua baadaye. Mimi sikuisoma. Niliifunga jina likakaa vizuri kabisa nyuma, nikaingia kwenye mstari wa kusalimia, na mara tatu nikapita mbele ya mama mkubwa wa bwana harusi, ambaye ukoo mzima ulikuwa unanong'ona kwamba aliahidi milioni na akatoa laki moja. Kanga ilisema: ULICHOTOA TUMEKIONA.

Aliniita pembeni. "Nani amekutuma?"

"Bibi mmoja, mama mkubwa. Alinivuta na gunia."

"Bibi gani? Upande wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

Kila nilivyoeleza nilizidi kuharibu. Nilipofika kwenye sehemu ya mwezi kuvuta maji alinyanyuka akahama meza.

Mengine yalikuwa madogo. Kwenye boti ya kwenda nilitapikia mfuko wa zawadi. Mji Mkongwe nilipotea vichochoroni kwa saa mbili na nikatokea mara tano kwa muuza kahawa yuleyule, mara ya tano akanipa bure. Marafiki wa binamu waliotoka Marekani walilipishwa ile bima ya dola 44 ya wageni wa nje iliyoanza Oktoba 2024, tukawacheka, kisha tukaletewa bei ya soda hotelini. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, tulilitazama kwa mbali, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Na kobe wa Changuu, ambaye wazee wake waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, alikula ua la kifuani mwa bwana harusi bila haraka yoyote.

Kanga nimeifua, nimeipiga pasi, iko kwenye mfuko mezani. Jina la bibi sikumuuliza. Nimemwomba mmoja wa wale waliobaki Jambiani aulizie kwa akina mama wa mwani, akaniuliza ni bibi yupi, nikasema yule mwenye kanga moja.

Jana usiku mhazini alitutangazia kwamba mama mkubwa amemaliza ahadi yake yote, tena ameongeza laki mbili, na ameomba isisemwe. Chini yake akaandika majina ya waliobaki. Lilikuwa moja.