Namna ya Kumtajia Mwanao Ndege Bila Kuumbuka

Jumamosi umewaahidi watoto kwenda kutazama ndege, na majirani umeshawatangazia kwamba mambo hayo unayajua. Tulia, ndugu yangu. Njia zipo.

1. Ibia mtihani. Ijumaa jioni pita peke yako palepale mtakapopita kesho, uone nani anakaa wapi. Ukirudi, fungua kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza 2002. Kina ndege zaidi ya 1,300. Wewe unahitaji sita. Chomeka vijikaratasi kwenye kurasa zao, ulale.

2. Anza na kunguru. Dar es Salaam hakosekani. Mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka Asia, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Mwenye shingo na kifua cheupe ni mwenyeji. Mtoto wa miaka mitano ataiona tofauti hiyo kabla yako. Mwache aiseme yeye.

3. Ukibanwa, uliza. Kwa yangeyange ujanja huu haushindwi. Mdomo wake rangi gani? Nyayo je? Mdomo wa njano na yuko miguuni pa ng'ombe: huyo anavizia wadudu wanaokurupushwa majanini. Mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini nyayo za njano kana kwamba amevaa soksi: huyo ni mwingine kabisa. Mtoto akikodoa macho, wewe unafunua kurasa. Na kwa kuwa amemwona mwenyewe, hatamsahau.

4. Kijindege cha kahawia kisichotulia. Hapa ndipo wengi huumbuka. Mnana jike wa aina mbalimbali hufanana mno, hata wataalamu hukwama. Usitunge jina hata kidogo: Jumatatu litasemwa darasani, nalo litakaa kichwani mwake miaka. Wageuzie macho kwenye viota vinavyoning'inia mnazini. Dume, yule wa njano, ndiye fundi: anachana ukuti, anaufuma kwa mdomo huku amening'inia kichwa chini. Jike anakuja kukagua. Asiporidhika, anaondoka zake. Kaeni hapo hata nusu saa. Jina hakuna atakayeliulizia.

5. Saa nne isiwakute. Jua likipanda, ndege hunyamaza na watoto huanza kudai soda. Ondokeni wakati bado wanabembeleza kumwona mmoja tu zaidi. Kitabu abebe mtoto.