Kesi ya Kisongo Ipitie Banjul

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Dodoma.

YAH: PONGEZI ZILIZOCHELEWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Arusha tunawapongeza kwa uamuzi wa Novemba 2019 wa kuondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuishtaki Serikali moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tamko hilo mlilitoa wenyewe mwaka 2010, kwa hiari. Pengine hamkutegemea kwamba watu wangelitumia.

Wakalitumia! Wafungwa hasa, wakiandika kutoka magerezani kwamba walihukumiwa pasipo hata wakili. Marehemu Mchungaji Mtikila naye alishinda kesi ya mgombea binafsi mwaka 2013. Mgombea mwenyewe tunamsubiri hadi leo. Mkaona tamko linatumika kinyume na masharti yenu, mkaandika notisi. Mwezi ule ule Mahakama ikatamka kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari yoyote inavunja haki ya kuishi, ikawapa mwaka mmoja muirekebishe Kanuni ya Adhabu. Kweli mliwahi.

Hampo peke yenu: Rwanda ilitangulia 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020.

Uzuri ni kwamba Mahakama imebaki hapa hapa Arusha, Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya wenzetu wa hifadhi za taifa, ambako angalau wanyama wana uhakika wa kusikilizwa. Mmalawi akipanda basi, akavuka mpaka wa Kasumulu, anaweza kufika getini na kuishtaki serikali yake. Mtu wa Kisongo anayelipita geti hilo kwenye daladala kila asubuhi, hawezi.

Asisononeke lakini. Anaweza kuiandikia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Tume ikiona inafaa, italipeleka shauri mahakamani. Mahakama ipi? Hii ya Barabara ya Dodoma. Tangu 1948 tunaambiwa haki za binadamu ni za watu wote, popote walipo. Za mtu wa Kisongo zitakwenda kwanza kuiona Atlantiki, ndipo zirudi nyumbani.

Ombi letu ni moja. Posta ifungue dirisha la Banjul pale Kisongo, na stempu ziuzwe kwa ruzuku, kama mbolea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Arusha