Mwongozo kwa Mhusika Mtarajiwa

Ukiona Land Cruiser imesimama chini ya mwembe wako, wakashuka vijana wanne wenye suruali za mifuko mingi, usidhani ni watu wa chanjo. Watu wa chanjo wana haraka. Hawa watakaa wiki mbili. Wanatengeneza filamu ya hali halisi, na hali halisi yenyewe, ndugu yangu, ni wewe.

Anza na paa. Kama mwanao aliyeko Muscat alikuletea fedha ukaezeka bati la rangi, pole, umejiharibia mwenyewe. Omba nyumba ya jirani ambaye bado ana makuti. Dishi la king'amuzi litupie khanga. Kalenda ya benki iondoe ukutani, na mtoto mvue fulana ya Arsenal, labda iwe imechanika. Ya kuchanika inaruhusiwa, tena inapendwa.

Wala usione aibu, kazi hii ina mababu. Babu yetu mkuu ni mwindaji wa Kiinuit wa huko Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, jina lake Allakariallak. Dunia inamjua kwa jina la Nanook, kwa sababu mwongozaji wa filamu yake, Robert Flaherty, aliona hilo lingetamkika vizuri zaidi, au sababu nyingine aliyoijua mwenyewe. Filamu ilitoka mwaka 1922, kwa fedha za kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya. Nyumba ya theluji ilikuwa na giza kwa kamera za wakati ule, basi ikajengwa ya nusu, upande mmoja wazi, na familia ikalala humo mbele ya kamera na baridi yote ikiingia. Mke wa kwenye filamu hakuwa mke wake. Wawindaji wa kwao walishazoea bunduki, lakini Flaherty alitaka vyusa, na vyusa vikatafutwa. Kuna pia pale anapooneshwa gramafoni, akaishangaa, akaing'ata santuri kuonja ni kitu gani. Santuri alikuwa anaijua. Na wanaomwona mjinga hawaambiwi kwamba Wainuit hao hao ndio waliokuwa wakimsaidia Flaherty kusafisha filamu zake. Kwa hiyo ukiambiwa ushangae simu, shangaa. Umetanguliwa na bingwa.

Baada ya paa ni mwendo. Utaambiwa, “Tembea kama kawaida.” Hakuna binadamu aliyewahi kuambiwa hivyo akaweza. Mikono inakuwa mirefu ghafla. Dawa yake ni kubeba kitu, na kitu bora ni maji.

Hili nina ushahidi nalo, maana niliwahi kuwa mkalimani wa kundi moja katika kijiji kimoja cha Pangani. Bibi mmoja alitakiwa kuteka maji kisimani. Akaja na dumu lake la njano, lile la mafuta ya kula. Hapana, maandishi yanaonekana. Ukaazimwa mtungi kwa jirani, mtungi ambao mwenyewe aliufanya wa kupandia maua. Bibi akateka. Bodaboda ikapita, sauti ikaharibika. Maji yakamwagwa kisimani, akateka tena. Mtoto akaangalia kamera. Yakamwagwa. Mara ya tatu jua likaingia mawinguni. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa: “Mjukuu wangu, hawa kwao hawana maji?”

Mwongozaji akataka kujua amesema nini. Nikamwambia, “Anasema maji ni tatizo.” Akafurahi mno. Sentensi ile imo kwenye filamu, kwa maandishi meupe, na imetafsiriwa na mimi.

Maandishi hayo meupe utayapata hata kama hukuyaomba. Mwalimu mstaafu wa kijiji kile alihojiwa kwa Kiingereza chake cha zamani, cha kunyooka, kila neno limepigwa pasi. Akawekewa tafsiri ya Kiingereza chini ya Kiingereza. Ukitaka kuyakwepa, zungumza Kiingereza cha Glasgow. Watu wa huko nao wakiandikiwa, mtakuwa mmelingana.

Swali kuu litakuwa: “Ulijisikiaje?” Kwetu mtu akifiwa haulizwi hivyo, hupewa pole na kuwekewa kiti. Jibu, “Vibaya,” kisha nyamaza. Wao nao watanyamaza, ndipo utakapojua mtego uko wapi, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuvumilia wageni wakae kimya nyumbani kwake. Utajikuta umewasimulia mambo ambayo hata shemeji zako hawajayasikia. Ukihisi kimya kinarefuka, sema, “Karibuni chai.” Hicho kipande hawatakitumia.

Kama suala la paa ni zito, waombe pazia jeusi. Yann Arthus-Bertrand alifanya hivyo katika filamu yake ya Human, ya mwaka 2015: watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi 60, kila mmoja na uso wake tu, nyuma giza. Hakuna makuti, hakuna ndoo. Niliketi kuitazama nikiwa nimejiandaa kucheka, sikuweza. Tuendelee.

Ujue pia kwamba chakula chako kinaweza kuwa hoja ya kitaifa. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake ya Mwanza, Darwin's Nightmare: minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa yake, yanabaki nchini. Filamu ikateuliwa kugombea Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaizungumzia kwa hasira, watu wakaandamana. Ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa mapanki, hata ambao hawajawahi kuchomwa na mwiba wa samaki.

Malipo usiulize. Mhusika akilipwa, wanasema, ukweli unaharibika. Mwenye Land Cruiser analipwa, mpishi analipwa, mimi nililipwa. Ukweli wetu sisi ni mgumu, hauharibiki. Wewe utapewa sukari kilo mbili na fomu ya Kiingereza utie sahihi. Isome. Ile niliyoitafsiri ilitoa ruhusa ya sura na sauti ya bibi kutumika milele, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa, katika ulimwengu mzima. Bibi aliuliza kama na akhera imo. Tuliitazama tena fomu, ikawa haikuitaja.

Njia nyingine ni ya Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui. Kamera aliishika mwenyewe, akarekodi watoto wake, mashamba yake na mvua ilivyompiga, mpaka ikawa filamu ya Thank You for the Rain ya mwaka 2017, aliyoiongoza Julia Dahr wa Norway. Lakini njia hiyo inataka mtu mwenye subira, na betri.

Mwisho omba nakala. Utaahidiwa. Sisi ilitufikia baada ya miaka mitatu, kiungo chenye nywila, nikanunua bando na kwenda nayo Pangani kwenye simu. Bibi akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na uso. Filamu dakika themanini, yeye sekunde kumi na moja: anateka maji, anajitwika mtungi, anaondoka. Akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akatazama tena, akavua miwani.

“Huo mtungi,” akasema, “mlimrudishia mwenyewe?”