Besi ya Kununua kwa Macho

Mteja wa spika Kariakoo hasikilizi spika, anaibeba. Anaishika kwa mikono miwili, anaipandisha mpaka usawa wa kifua, anakunja uso, kisha anatoa hukumu: "Hii ndiyo yenyewe." Muuzaji anatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba ameshuhudia kipimo cha maabara.

Wanaoghushi spika wanaijua tabia hii kuliko wateja wenyewe. Ndiyo maana zipo spika zilizovishwa kofia pana ya plastiki kwa nyuma, na ukiifungua kofia ile unakuta sumaku ndogo imejikunyata katikati. Wakati huohuo spika za sumaku ya neodimiamu, aina iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 na yenye nguvu kubwa kwa uzito mdogo, zinakaa rafuni mpaka vumbi linafuta lebo. Nani atoe laki kadhaa kwa kitu anachoweza kukibeba kwa mkono mmoja huku akitafuna muwa?

Mjomba hakutoa. Mtaa wake wote kule Mbagala humwita Mjomba, hata waliomzidi umri, na mtaa wote ulijua mpango wake: kuunda mziki wake mwenyewe wa kukodisha kwenye harusi, kipaimara na vigodoro. Alirudi na spika mbili za inchi 18, nyeusi, zenye maandishi mekundu. Vigezo vyake vilikuwa vitatu: uzito, rangi, na tarakimu. Tarakimu ilisomeka wati 2,000.

Sasa wati hizi. Wati ya kwenye lebo ni kiasi cha umeme ambacho koili inaweza kukivumilia bila kuungua. Haisemi spika italia kwa nguvu gani. Kipimo kinachoheshimika, cha chama cha wahandisi wa sauti AES cha mwaka 1984, kinaisulubu spika kwa saa 2 mfululizo. Kipimo cha baadhi ya lebo kinaisulubu kwa muda wa kupiga chafya moja, na tarakimu ya chafya ndiyo inayochapwa kwa wekundu. Kuna hata redio za mezani zilizoandikwa wati 3,000 zinazokula umeme wa adapta ya volti 12 na ampea 2, yaani wati 24. Hiyo ni fizikia ya sekondari, lakini hakuna anayekwenda Kariakoo na daftari la sekondari.

Tarakimu iliyopaswa kumsimamisha Mjomba iko chini zaidi, kwa herufi ndogo: desibeli ngapi spika inatoa ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka mita 1. Spika nzuri ya jukwaani hutoa kama 97, na hapo ni asilimia 3 hivi tu ya umeme inayogeuka sauti. Yote iliyobaki ni joto. Sabufa nyingi za gari huishia kwenye 86 au karibu na hapo. Tofauti ya desibeli 11 inaonekana ndogo kama nauli ya daladala mpaka uifanyie hesabu, kwa sababu kila desibeli 10 ni umeme mara 10. Kazi ambayo ya jukwaani inaifanya kwa wati 300, ya gari itaidai zaidi ya wati 3,700. Jenereta ya kukodi haina mazungumzo hayo.

Mpwa wake, ambaye ndiye DJ, aliwahi kulijua hili kwa njia ya hadhara. Kabla ya spika za Kariakoo alichomoa sabufa ya inchi 12 kwenye gari la rafiki yake na kuipeleka kwenye kumbukumbu ya kuzaliwa ya mtoto. Ndani ya gari sabufa ile ilikuwa ikitetemesha kioo cha nyuma, maana chumba kidogo kilichofungwa huizidishia besi ya chini nguvu. Uani, chini ya turubai, nguvu hiyo ilibaki kwenye gari. Aliyeihisi besi siku hiyo ni bibi mmoja tu, kwa kuwa alikosa kiti akakalia boksi.

Kwa hiyo inchi 18 za Mjomba zilikuwa hatua mbele. Tatizo ni kwamba boksi lilikwishajengwa. Seremala alipewa picha kwenye simu, akapiga plaiwudi ya milimita 18 kwa gundi na skrubu, kazi safi ya kupendeza, pembe zote zimepigwa msasa. Tundu la hewa akalikata kwa ukubwa wa sahani ya chai, kwa sababu sahani ya chai ndiyo iliyokuwa karibu.

Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha andiko lililoonyesha kwamba boksi lenye tundu linaweza kupigiwa hesabu kabla msumeno haujagusa ubao. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majina yao yakabaki kwenye karatasi inayofuatana na kila spika ya maana. Mambo makuu pale ni machache. Fs ni mtetemo ambao koni inaupenda yenyewe ikiachwa. Qts inaeleza breki zake: ikiwa kati ya 0.3 na 0.4, spika kwa kawaida inapatana na boksi la tundu. Ikipanda juu ya 0.5, afadhali boksi lililozibwa. Vas, kwa lita, husaidia kujua ukubwa wa boksi. Xmax ni milimita ambazo koni inaweza kwenda mbele na nyuma bila koili kuanza kutoka kwenye mshiko wa sumaku. Karatasi ya Mjomba ilikuwepo, chini ya boksi la katoni. Alifungia vitumbua.

Usiku wa shughuli ya kwanza mambo yalianza vizuri mno. Taarabu ilipita bila shida, kwa sababu waya mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hulia kwenye hezi 41 hivi, na boksi lilifika huko kwa kujikongoja. Ndipo mpwa akaweka wimbo wenye sauti za kompyuta zinazoshuka mpaka hezi 25. Chini ya kiwango cha tundu lake, boksi haliishiki tena koni. Hewa inaingia na kutoka, na koni inacheza peke yake. Koili ikaanza kugonga bamba la nyuma: ta! ta! ta! Vijana walishangilia. Walidhani ni mdundo mpya. Kutoka kwenye tundu la sahani ya chai hewa ilipuliza kwa nguvu ikatoa kandambili ya mtoto, ya kushoto, ambayo mama yake alikuwa ameitafuta tangu adhuhuri.

Kwenye amplifaya nyingi kuna swichi ya kukata sauti zilizo chini ya hezi 30 au 40. Mpwa alikuwa ameizima ili "besi ipite yote."

Singeli ikaja kutoa hukumu nyingine. Muziki huu wa uswahilini, ambao kuanzia mwaka 2017 umesambazwa nje pia na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, huenda kwa kasi ya midundo 200 kwa dakika na zaidi. Ukiwa kwenye 240, kila mdundo una robo sekunde tu, na katika robo sekunde sauti ya hezi 40 inapata kuzunguka mara 10. Spika yenye breki legevu bado inamalizia mdundo wa kwanza wakati wa pili umeshaingia na wa tatu unabisha hodi. Kwa mtu wa singeli, basi, nguvu ya sumaku kuikamata koni ina faida kuliko ahadi yoyote ya kushuka mpaka hezi 20, na mwandishi wa makala haya angempa ushauri huo bure mtu yeyote, kama kuna anayeuliza kabla ya kununua.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Mbele ya jukwaa, katikati kabisa, hapakuwa na besi. Bi harusi alicheza na sauti ya kinanda peke yake. Kule pembeni, kwenye mafiga ya pilau, vifuniko vya masufuria vilikuwa vinaruka. Boksi moja lilikuwa limefungwa waya kinyume: koni moja ikienda mbele, mwenzake anarudi nyuma, na pale zinapokutana katikati zinafutana. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, hivyo ukisogea hatua kadhaa kando linarudi kwa kishindo. Wapishi walikula besi ya harusi nzima. Dawa yake ni betri ya volti 1.5: ukigusisha chanya kwenye chanya ya spika, koni inaruka mbele, ikirudi nyuma, geuza waya.

Kulipokucha Mjomba akazipima spika kwa mita ya fundi umeme. Lebo ilisema omu 8, mita ikasema 5.8. Akapanda daladala mpaka dukani.

"Kijana, mmenipunja omu mbili."

Muuzaji, aliyekwishaona mengi, hakumweleza kwamba mita inapima waya wa koili ukiwa umetulia, wakati omu 8 ni makadirio ya upinzani spika inapolia, na kwamba 5.8 ni afya tele. Alimpunguzia elfu kumi kwenye kamba ya taa za rangi.

Spika ya kushoto haikurudi kulia. Ilipelekwa kwa mzee mmoja anayesuka koili upya chini ya mwembe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imeungua?"

"Haijaungua. Imenyamaza."

Mzee aliibonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, polepole, akatega sikio. Ndani kukakwaruza. Akanusa. "Koili inchi ngapi?"

Mjomba akamtazama mpwa, mpwa akatazama simu. "Ina wati 2,000," akasema mpwa.

"Nimeuliza koili." Mzee akakata ukingo wa koni kwa wembe, akaitoa koili iliyobadilika rangi, akaipima: milimita 65. Koili za inchi 4, kama za spika kubwa za jukwaani, anazo. Za 65 itabidi asubiri.

"Mpaka lini, mzee wangu? Jumamosi nina kipaimara."

"Lete na ile nyingine," alisema fundi. "Tukae nazo zote mbili."