Mgeni Njoo, Mwenyeji Asubiri

Walimu wa kujitolea ni wa aina mbili. Wa kwanza hushuka kwa ndege mwezi Julai, likizo ya kwao, akiwa amemlipa wakala ili aje kufundisha Kiingereza bure kwa wiki tatu katika shule ya msingi ya serikali. Hupokewa kwa ngoma, huvishwa khanga, na hukabidhiwa darasa kabla hajaulizwa cheti. Sifa yake kuu ya kitaaluma ni kwamba lugha hiyo kazaliwa nayo. Huwaimbisha watoto viungo vya mwili, kichwa hadi vidole vya miguu, wimbo uleule walioachiwa na mgeni wa Julai iliyopita. Wanaujua kuliko yeye, ila adabu haiwaruhusu kusema.

Wa pili ana shahada ya ualimu na anangoja ajira serikalini. Naye anajitolea hapohapo. Nauli huipata wazazi wakichanga. Vyeti vyake vilikaguliwa mara tatu. Kazi yake ya leo ni kumpiga picha mwenzake aliyezungukwa na watoto.

Tusimwonee kila mgeni. Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea lililoanza kuleta watu Tanganyika mwaka 1961, huwafunza walimu wake Kiswahili kwanza, kisha huwaacha kijijini miaka miwili. Hao jembe hulishika. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Sisi, mgeni wa wiki tatu tunampa chaki, na anayejua kulima tunampa kamera.