Silinda ya Tatu Imechoka Safari

Probox ya ami yangu ilipoanza kunywa oili kuliko petroli, baraza ya kahawa ya hapa Makadara, Mombasa, ilijua kabla yake. Kila alfajiri akirudi soko la Kongowea na magunia ya viazi, moshi wa samawati ulijaa kichochoro kizima, na wazee wakafunika vikombe vyao kwa viganja. Mmoja alisema ni ringi, mwengine akasema ni vali. Wa tatu, ambaye hajamiliki hata baiskeli, alisema ni kijicho cha watu. Fundi wetu ndiye aliyekata shauri: injini ile ya 1NZ imekwisha, itafutwe nyingine ya kutoka Japani.

Duka tulilokwenda silitaji. Injini zilikuwa zimelazwa juu ya matairi makuukuu, zimeoshwa kwa mafuta ya taa zikang'aa. Muuzaji aliapa kuwa kila moja imetembea kilomita 40,000 tu. Mimi sijapata kusikia injini ya mtumba iliyozidi kilomita hizo; nadhani Wajapani huendesha gari siku ya Ijumaa peke yake.

Fundi hakujibu neno. Alifungua plagi zote 4, akafunga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, akaunga stata kwa betri aliyokuja nayo mwenyewe, maana betri chovu huzungusha injini kivivu na namba zote zikashuka bure. Kisha akaingiza kijiti cha mshikaki kwenye kile kibati cha njia ya hewa, kibaki wazi, injini ivute pumzi kamili. Ami akauliza nyama yake iko wapi.

Kitabu cha Toyota chasema injini hiyo, ikiwa nzima na imepata moto, yafaa mgandamizo wake ufike psi 213 hivi, usiteremke chini ya 156, na silinda zake zisipishane zaidi ya 14. Iliyolala sakafuni ikiwa baridi hupungua kidogo, kwa hivyo fundi haitafuti 213. Atafuta silinda nne zinazosema neno moja.

Ya kwanza ilitoa 160, 162, 95, 158.

"Hiyo ya tatu imechoka safari, shekhe," muuzaji akasema. "Meli ilipigwa na mawimbi."

Ami akaitazama silinda kwa huruma. Fundi akaitilia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, akapiga stata tena: 140. Basi. Oili huziba kwa muda ule mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda. Namba ikiruka namna hiyo, ringi ndizo mgonjwa. Ingebaki pale pale kwenye 95, tungeshuku vali. Na zingeanguka silinda mbili zilizopakana, tungeshuku gasketi ya hedi.

Injini ya pili ikaleta 240 kila silinda. Ami amefundisha hesabu maisha yake yote, na mkono ulikuwa tayari umeshaingia mfukoni. Fundi akamzuia. Alizungushia kitambaa cheupe kwenye bisibisi ndefu, akaitumbukiza katika tundu la plagi, akaitoa. Kitambaa kilikuwa kinachuruzika oili. Kumbe kuna mkono uliotangulia kuipa injini dawa kabla wageni hawajafika, na ndiyo maana mtumba ukaipiku injini mpya.

"Hiyo ni ya kuzuia kutu," muuzaji akasema. "Si wajua hewa yetu ya chumvi."

Kweli, matone machache hutiwa ili ringi zisishike kutu. Lakini pale palikuwa na oili ya kukaangia viazi karai.

Ya tatu haikuwa na sura. Vumbi tupu, hata muuzaji hakuitaja. Kitambaa kilitoka kikavu, geji ikasoma 172, 170, 175, 168. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na ami akaja juu: "Tuache 240 tuchukue 170? Hesabu gani hii?"

Mambo yakaharibika zaidi alipompigia simu binamu yangu wa Nairobi, aliyenunua injini kama hiyo. Yake ilipimwa 140 kila silinda. "Wamemwibia kijana!" ami akapaza sauti, duka zima likageuka. Fundi akamweleza taratibu: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake imepungua kwa kiasi cha asilimia 18, na pistoni haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuipata. Hiyo 140 ya kule ikiteremka Mombasa hukaribia 170. Ami aliikubali fizikia, ila binamu bado anamwonea huruma.

Tulichukua ile yenye vumbi, na moshi umekoma. Mzee wa kijicho anadai ni dua zake.

Nawe ukienda kununua, beba betri yako na kitambaa cheupe, na uchungulie matundu ya plagi kabla stata haijaguswa. Risiti nayo iandikwe namba ya injini, kwani mamlaka ya usafiri, NTSA, wataihitaji ukienda kubadilisha logibuku.